Pingili Inayoning'inia Mlangoni

Vijana wenzangu wa karakana,

Siku mliponiaga mlinipa shuka, saa ya ukutani na hotuba iliyonisifu kwa mambo ambayo, kwa kadiri ninavyokumbuka, sikuyatenda. Hotuba ilipokwisha, mmoja wenu aliniuliza kwa nini, katika karakana inayouza kila chakavu kwa kilo, kuna pete ya bati iliyokatwa ubavuni ambayo imening'inia juu ya mlango tangu kabla yeye hajazaliwa, na hakuna anayethubutu kuiteremsha. Nilimjibu kwamba ni habari ndefu. Sasa nimestaafu, na mke wangu amenieleza waziwazi kwamba habari zangu ndefu nizitafutie makao mengine, si jikoni kwake. Basi nawaandikia ninyi.

Niliingia katika banda hili nikitokea seminari, nikiwa na Kilatini cha kutosha na viganja visivyo na sugu hata moja. Nilikuwa nimekwisha kutambua kwamba wito wangu haukuwa upadri, ila wito mwingine ulikuwa haujajitokeza, na shemeji yangu alifahamiana na fundi mmoja. Mkoa wa Simiyu ulikuwa bado haujazaliwa. Bariadi ilikuwa wilaya ya mkoa wa Shinyanga, na ilikuwa ile miaka ya ruksa, ambapo kila kilichokuwa cha chama kiliachiwa kijitafutie riziki chenyewe. Banda lilikuwa la ushirika wa pamba. Ushirika ulipoishiwa nguvu, mafundi wake waliambiwa wanaweza kuendelea kulitumia kwa pamoja, kila mtu na mteja wake. Nyundo ilikuwa ya mtu binafsi, mkasi wa bati ulikuwa wa mtu binafsi, hata kipande cha chaki kilikuwa na mwenyewe. Kitu kimoja tu kilibaki cha wote: mashine ya rola, ile ile mnayoizungusha hadi leo, yenye mihimili mitatu ya chuma, mkono mmoja, na skrubu mbili za kuukaza mhimili wa juu.

Fundi niliyepelekwa kwake aliitwa Mzee Maduhu. Msidhani nitawasimulia habari za mzee mnyenyekevu. Mzee Maduhu alijisifu kuanzia asubuhi hadi jioni. Alidai kwamba hapimi bati kwa chochote ila jicho lake, na kwamba jicho hilo alilirithi kwa baba yake aliyekuwa akihesabu ng'ombe wakiwa bado wamo vumbini. Nilimwamini kwa muda mrefu, mpaka kofia yake ilipoanguka akiwa ameinama na ndani yake tukaona kamba ya kupimia, imekunjwa vizuri, ina mafundo kila mahali. Aliiokota, akaivaa kofia, akaendelea kulisifu jicho.

"Mwangaluka, Padri," aliniamkia siku ya kwanza, na jina hilo la Padri likanishika hadi leo. "Nasikia umesoma sana. Nikunjie pipa."

Nililichukua bati bapa nikiwa na utulivu wa mtu anayeijua pai. Nilikokotoa mzingo kutokana na kipenyo, nikaongeza upana wa pindo, nikakata, nikalipitisha katika rola na kuzungusha mkono mpaka shati langu jeupe likabadilika rangi. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Nimeirudia mara nyingi baadaye na sijaona kosa. Lakini hesabu haijui kwamba rola haiwezi kuikunja ncha ya bati, kwa sababu ncha ikishapita mhimili wa kwanza hakuna kinachoishika. Ncha zangu mbili zilibaki bapa, zikakutana kama viganja vya mtu anayesali, na pipa likawa na umbo la tone.

Mzee Maduhu alilizunguka. "Padri, hili ni pipa au ni chozi?"

"Ni pipa, mzee."

"Basi linalia."

Alinionyesha kuzikunja ncha kwanza, kwa nyundo ya mti juu ya kipande cha bomba, kabla bati halijaiona rola. Alinionyesha pia kwamba bati lina ukaidi: ukilikunja kwa kiasi unachokitaka, hurudi nyuma kidogo pindi ukiliachia, kwa hiyo sharti ulikunje kupita kiasi, ili likirudi lirudi pale unapopataka. Nilimwambia kwamba wanafunzi wa sarufi ya Kilatini nao huwa hivyo. Akasema hawajui watu hao, lakini wapigwe kwa nyundo ya mti, ya chuma itawaacha na makovu.

Nitaipita haraka miaka iliyofuata, kwa kuwa ilikuwa ya mapipa ya nafaka, mifereji ya mvua na pete za magurudumu ya mikokoteni ya ng'ombe, na kila mmoja wenu anazijua kazi hizo kuliko ninavyoweza kuzieleza. Nitaje tu desturi moja, kwa sababu habari yote inaiegemea. Wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia wilayani, kila mmoja na mizani yake, mafundi nao walijifunza kuficha wateja. Tukaweka sheria: kazi ya mwenzako huiulizi. Ukimaliza kwa siku hiyo, unaifunika kwa magunia ya zamani ya pamba na kuiingiza stoo, na ufunguo wa stoo unabaki kwa Mayu Kabula, mama aliyetuuzia uji, aliyetufagilia banda, na aliyetutawala sote pasipo kuchaguliwa. Mkikutana penye rola, mnaongea habari za mvua.

Ndipo akaja Sayi.

Sayi alikuwa manju wa kikundi cha ngoma kutoka Nkoma. Ninyi mnajua jinsi ngoma zetu zinavyoshindanishwa baada ya mavuno: vikundi viwili huingia uwanja mmoja, saa ile ile, kila kimoja upande wake, na mshindi ni yule ambaye hadi jua linaposhuka amevuta watu wengi zaidi. Msimu uliotangulia Sayi alikuwa ameshindwa na manju Limbu wa Ngulyati kwa namna ya kuhuzunisha. Mama mkwe wake mwenyewe alionekana upande wa Limbu akipiga vigelegele. Wachezaji wake walikuwa wamemwambia bila kumung'unya maneno kwamba akishindwa tena wanahamia kwa Limbu, wote, pamoja na ngoma zao.

"Padri," aliniambia, akivuta kigoda karibu, "babu yangu amenijia ndotoni. Amenionyesha chatu."

"Chatu tunao porini, manju."

"Wa porini kila mtu anaye. Huyu alikuwa anang'aa. Ni wa bati."

"Babu yako alifariki kabla bati halijafika Nkoma."

"Huko aliko amelikuta," alisema Sayi. "Chatu anameza mtu. Ananimeza mimi, nikiwa nacheza. Ngoma zinanyamaza. Halafu natokea mkiani, naimba."

Nilimweleza, kwa urefu ambao sasa unanitia haya, kwamba chatu hana uwazi wa kumpitisha mtu mkiani. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu. "Ngosha, mwanamume wewe," akasema, "umati haujasoma maumbile ya chatu. Wewe nitengenezee. Nikishindwa mwaka huu, mimi si manju tena. Nitabaki mtu mwenye njuga."

Nilifanya kazi ile kwa bidii ambayo mapipa hayajawahi kuiona. Mwili ulikuwa wa pingili, yaani pete pana za bati, kila moja nyembamba kidogo kuliko iliyoitangulia, kuanzia shingo hadi mkia. Nilikata vigezo vya kadibodi kwa kila pingili, nikazikunja ncha, nikapitisha rola, nikafunga kwa riveti, na kingo nikazipindia nje ili zisimkwaruze mtu. Nilianza na mkia, nikapiga alama kila pingili kwa tindo, upande wa ndani, ili nisikosee nitakapoziunganisha. Fundi mwingine angepiga namba za kawaida. Mimi nilipiga tarakimu za Kirumi. Hakuna aliyeniuliza sababu, na nilisikitika kidogo kwamba hakuna aliyeniuliza.

Kila asubuhi nilizikuta skrubu za rola zimekazwa pale pale nilipoziacha jioni. Nilihitimisha kwamba Mzee Maduhu, aliyekuwa akiingia zamu baada yangu, hana kazi kipindi kile, nikamwonea huruma. Nilimletea hata andazi. Alilipokea kwa uso wa mtu anayemwonea mwenzake huruma, jambo ambalo lingepaswa kunishtua. Tuliongea habari za mvua.

Tulimjaribu chatu nyuma ya banda. Sayi alivua shati, akaingia mdomoni akiwa na kaptula tu, akatokea mkiani bila kugusa popote. Alinitaka nami nipite, nijionee. Nilikataa kwa kisingizio cha mgongo. Mgongo ulikuwa mzima. Nilichokihofia ni kuonekana na Mayu Kabula nikitambaa. Baadaye tulizitenganisha pingili, nikazifunika magunia yangu, zikaenda stoo kusubiri siku yake. Mayu Kabula, ambaye kila Jumamosi alifagia stoo kwa ukamilifu wa kutisha, alitoa vitu vyote nje na kuvirudisha ndani, kila kimoja chini ya magunia ambayo yeye aliyaona kuwa ndiyo yake.

Siku ya ngoma tulikwenda uwanja wa mnada wa ng'ombe, nje kidogo ya mji. Niliziunganisha pingili nyuma ya pazia la magunia, nikifuata tarakimu zangu, na nikazifunga kwa vipande vya ngozi mbichi ya ng'ombe, ambayo ikikaukia juani hukaza kuliko riveti. Nilijipongeza kwa hilo. Mfukoni nilikuwa na chaki, kalamu na kigezo kimoja cha kadibodi cha kuonyesha watu wenye udadisi. Mkasi wa bati sikubeba, kwa kuwa niliamini kwamba kazi iliyokamilika haihitaji mkasi.

Ngoma zikalia pande zote mbili. Sayi akapiga ishara, pazia letu likaanguka, chatu akang'aa, watu wakaguna. Kabla guno halijaisha, pazia la Limbu nalo likaanguka, na kule ng'ambo ya uwanja akang'aa chatu mwingine, wa bati, wa unene ule ule, wa pingili zile zile.

Sayi alinitazama. Mimi nilimtazama Mzee Maduhu, aliyekuwa amesimama ubavuni mwa Limbu. Mzee Maduhu, baada ya kukosa wa kumtazama, alitazama mbingu.

Hapo nilizielewa zile skrubu: mzee alikuwa akikunja pete za kipimo changu.

Lakini ngoma ikishaanza haina mahali pa kurudi. Mchezaji wa Limbu, kijana mwembamba, aliingia mdomoni mwa chatu wao, akapita kama maji ndani ya bomba na kutokea mkiani akicheka. Watu wakaanza kuhamia kule. Sayi aliingia wa kwetu akiwa amevaa mavazi yake yote, njuga miguuni, mistari na mistari. Tuliisikia milio yake ikipita pingili baada ya pingili. Kichwa kikatokea mkiani, mikono ikafuata, kifua, kiuno. Akaanza kuimba, na waitikiaji wakaitikia. Akaimba ubeti ule ule tena. Wakaitikia. Alipouanza kwa mara ya tatu, nilijua kuna jambo, kwa sababu Sayi hakuwa mtu wa kurudia.

Niliinama karibu yake. "Vipi, manju?"

"Nimekamatwa," alisema kwa sauti ya chini, akitabasamu kwa ajili ya watu. "Njuga zimeshikwa na kitu. Huku ndani kuna meno."

"Hakuna meno. Kingo zote nimepindia nje."

"Basi njoo uyapindie nje na haya."

Nilimvuta. Akasema navuta mwili, miguu inabaki. Nilimsukuma arudi ndani. Njuga zikajikaza zaidi, kama samaki kwenye ndoana. Nilijaribu kuzifungua zile ngozi, na nikagundua kwamba sifa zote nilizozipa nilizipa kwa haki: hazikufunguka. Watu wachache waliokuwa wamebaki kwetu walianza kucheka, na kicheko, kama mjuavyo, husafiri kuliko ngoma. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mtu aliyemezwa nusu, mkononi nina kigezo cha kadibodi.

Ndipo nikamwona Mzee Maduhu akiukata uwanja, anakuja. Mkasi wa bati aliufunga kiunoni siku zote, hata msibani. Na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona fundi wa upande mmoja akienda upande wa pili katikati ya shindano, nyuma yake walikuja watu wa Limbu kutazama kuna nini, na nyuma yao wengine kuwatazama hao.

Aliingiza mkono mkiani hadi begani, akapapasa. Uso wake ulibadilika.

"Pindo hili limepindiwa ndani, na lina waya," alisema. "Hili ni langu."

"Haiwezekani, mzee. Pingili hiyo nimeiunganisha mwenyewe. Ni ya tatu, ina tarakimu yangu."

"Tarakimu gani? Mimi napiga mikato ya tindo. Ya kwanza mmoja, ya pili miwili, ya tatu mitatu."

Warumi walitawala nusu ya dunia kwa tarakimu zile. Mimi nilishindwa kutawala nazo stoo ya Mayu Kabula. Hadi ya tatu, Mrumi na Mzee Maduhu huandika sawasawa. Pingili yangu ya tatu, iliyo laini, ilikuwa kule ng'ambo, na kijana wa Limbu alikuwa ameipita kama maji.

"Mimi hupindia ndani ili nje iwe safi," aliendelea Mzee Maduhu, sasa akiwaeleza watu. "Uzuri wa bati ni mgongo wake."

"Na mtu anayepita ndani?" niliuliza.

"Mtu wangu hakuvaa njuga."

"Wazee wangu," alisema Sayi kutoka chini, "jadilianeni nikiwa nje."

Mzee Maduhu aliuchomoa mkasi, akachagua mahali kwenye ubavu wa pingili, akaanza kukata. Sayi, aliyekuwa amelala kifudifudi, aliinua kichwa na kuona kile ambacho sisi tulioupa umati mgongo hatukukiona: uwanja mzima ulikuwa unasogea kwetu. Wanawake wenye watoto mgongoni, wachunga ng'ombe na fimbo zao, wauza miwa waliotelekeza miwa. Akamgusa Mzee Maduhu mguuni.

"Mzee," alinong'ona, "usikate haraka."

Mzee Maduhu aliusimamisha mkasi. "Ng'wanawane," akasema, kama anayemwita mwanawe, "nani alikuambia kwamba mimi hukata haraka?"

Akaendelea. Mlipokuwa mkijifunza kwangu niliwaambia mara nyingi: mkasi haufumbwi hadi mwisho, hufumbwa hadi karibu na mwisho, ukasogezwa, ukafumbwa tena, la sivyo mkato huota meno. Hivyo ndivyo alivyokata, pindo, waya na vyote, kana kwamba ile ni kazi ya kuuzwa. Sayi akaanza kuimba kwa kuufuata mkasi. Waitikiaji wakaitikia, ngoma zikaingia polepole, na umati ukaanza kupiga makofi kila mkasi ulipofumbwa. Mjumbe alifika akihema kutoka kwa Limbu.

"Manju anasema uache, urudi."

"Mwambie bati likishaanzwa halikatizwi," alisema Mzee Maduhu, bila kuinua macho. "Hupasuka."

Hilo si kweli, na ninyi mnajua si kweli. Ni mara pekee niliyomsikia akidanganya kuhusu bati, nikiacha habari za jicho lake.

Pete ilipoachia, Sayi alitoka na njuga zake zote, akaruka, na wachezaji wake wakamzunguka. Wazee wa kupima umati hawakuhitaji kupima. Kwa Limbu walibaki wapiga ngoma peke yao, na mmoja wao alikuwa amepanda juu ya ngoma yake ili aone vizuri. Hakuna mchezaji aliyehama Nkoma. Mama mkwe wa Sayi alirudi upande wake wa asili, akapiga vigelegele kana kwamba hakuwahi kuondoka.

Jumatatu nilimkuta Mzee Maduhu akiigongomea ile pete juu ya mlango. Nilimwuliza kama Limbu amekasirika.

"Hanisalimii. Atanisalimia mvua ikivuja kwake." Akashuka kwenye kigoda. "Na yeye ni babu yake aliyemwotesha yule chatu. Usiku ule ule labda. Mababu nao, Padri, wameingia soko huria. Ndoto moja wanauza kwa watu wawili."

"Nikushukuru vipi, mzee?"

"Nduhu tabu, si kitu. Acha Kirumi."

Sikuacha siku ile, kwa kiburi. Niliacha baadaye, kwa uvivu, na tangu hapo kazi zangu zina alama ya jani, ambayo hakuna fundi mwingine angeona haja ya kuichonga. Mzee Maduhu alikwisha kutangulia, na kofia yake ilizikwa naye, kamba ikiwa ndani, nilihakikisha mwenyewe.

Basi nawasihi msiiteremshe pete ile. Mtakapopita chini yake, utazameni mkato: umenyooka kutoka ukingo hadi ukingo, hauna jino hata moja, ingawa mtu alikuwa ndani, na mkataji alijua kwamba kila anapofumba mkasi anaupoteza ushindi wa upande wake. Sijapata kukata vile, hata mezani, peke yangu, bati likiwa limetulia. Kulia kwa mkato mtaona mikato mitatu midogo ya tindo. Mgeni akiwauliza ni alama ya nani, mwambieni ni ya Mzee Maduhu, na msimtajie Warumi.